Nyama ya Uongo

Lifti ilikwama kati ya ghorofa ya tatu na ya nne, saa ya chakula cha mchana, imejaa watu mpaka mlangoni. Ndani mlikuwa na makarani, mwanamume wa tai nyekundu, mama mjamzito aliyekuwa akijipepea kwa bahasha, na katikati yao mwanamke mwenye gauni la maua ya njano na kitambaa cheupe kichwani. Alikuwa ameshika sufuria ya mchuzi kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba mtoto wa mwenzake.

"Dada, hiyo nyama yako inatutesa," alisema wa tai nyekundu. "Fungua kidogo tuonje. Tukifa humu, tufe tumeshiba."

"Si nyama, kaka'angu. Ni soya na uyoga."

"Acha uongo!"

"Ndiyo jina lake. Nyama ya uongo."

Lifti nzima ikacheka. Ndipo milango ikatanuliwa kwa juu, mwanga ukaingia, na uso wa fundi wa lifti ukachungulia. Alikuwa amevaa ovaroli la kijivu lenye madoa ya grisi mabegani, na nywele zake zilikuwa zimejaa vumbi la dari.

"Poleni, wapendwa. Nawatoa mmoja mmoja. Tuanze na huyu mama."

Mjamzito akapandishwa kwa uangalifu, watu wakimsukuma kwa chini na fundi akimvuta kwa juu. Kisha fundi akainama tena.

"Sasa wewe, dada wa maua."

"Mimi baadaye. Pokea sufuria kwanza."

"Sufuria ina haraka gani kukushinda wewe?"

"Ina watu wanaoingoja. Mimi sina."

Fundi alicheka, akanyoosha mikono, akaishika masikio. Ilipofika kifuani pake kifuniko kikasogea, mvuke ukampiga usoni, na kicheko kikakatika. Alibaki amepiga magoti na sufuria mikononi, kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa kwenye chumba kisicho na mtu.

"We fundi!" wakapiga kelele wa ndani. "Unaoa sufuria? Na sisi je?"

Hilo lilikuwa jambo la kwanza mwenye sufuria, mpishi, aliloliona kwake, na ndilo alilolisahau upesi kuliko yote, kwa sababu baadaye alianza kumpenda.

*

Jiko lake lilikuwa nyuma ya jengo, chumba kimoja cha mabati kando ya jenereta, chenye dirisha la kuuzia na rafu ya vibakuli vyenye vifuniko. Jirani yake alikuwa shoga yake wa siku nyingi, muuza juisi, mwanamke wa sauti kubwa na kucha nyekundu.

Siku ileile fundi alikuja dirishani, amenawa mikono mpaka viwiko.

"Kitunguu chako umekiunguza," alisema.

"Hujambo na wewe. Sikukiunguza. Nimekiacha kishike sufuria mpaka kingo ziwe nyeusi, kisha namwagia maji na kukwangua. Soya haina damu wala mafuta, lazima uikopeshe ladha mahali fulani."

"Nifungie mbili."

"Una njaa ya wawili?"

Fundi alitoa kifuani simu ndogo ya vibonye, si ile kubwa iliyoning'inia kiunoni, akalipa polepole, akaifuta kioo kwa kidole gumba na kuirudisha mfuko wa ndani. Kesho yake alirudi. Nifungie mbili. Na kesho yake. Ikawa anafika kabla wateja hawajajaa, anaegemea mlango, na mpishi anampa kazi.

"Kamua," alimwambia, akimsogezea beseni la soya iliyolowekwa kwenye maji ya moto. "Usiibembeleze. Maji ya kwanza ndiyo yana ule ukakasi. Kamua, loweka tena, kamua tena, kama unafua shuka la mgeni aliyekaa sana."

"Na uyoga?"

"Uyoga usiutie chumvi mapema, utalia machozi yote kikaangoni. Uache ukauke, uwe na rangi, ndipo uutie."

"Nani alikufundisha haya?"

Mpishi alipunguza moto kabla ya kujibu. Baba yake alikuwa na bucha, alisema. Mtu wa nyama maisha yake yote, moyo ukamgeukia, daktari akamkataza. Alikuwa anakaa kitandani anauliza nyama iko wapi. Binti akaanza kujaribu: dengu, fenesi bichi lililochambuliwa nyuzinyuzi, unga wa ngano uliooshwa mpaka ukabaki mpira tu. Vyote baba alivirudisha. "Alikuwa ananiambia, mwanangu, kama ni kunidanganya, nidanganye vizuri. Siku nilipompa hii, akatafuna, akanyamaza, akasema leo umenidanganya vizuri. Alimaliza bakuli. Hakuamka asubuhi."

Jenereta iliunguruma nje. Fundi aliendelea kukamua.

"Kwa hiyo kila siku unampikia yeye," alisema.

"Nawapikia makarani. Kamua, bwana."

Ila alijua fundi amepatia. Tangu siku hiyo alianza kupokea simu zake za jioni, zile alizopiga kwa laini yake ya kawaida akiwa njiani kurudi nyumbani.

"Muongo wangu, hujambo?"

"Sijambo, mpandisha watu. Leo umewapandisha wangapi?"

"Jengo zima. Mwenyewe ndiyo sina pa kupanda."

"Panda kitandani ulale."

"Peke yangu?"

"Na ovaroli lako. Kwaheri!" Akakata simu huku akicheka, kisha akabaki ameishika hata baada ya kioo kuzimika.

Maneno ya kuchekesha yalikuwa mengi, ila kulikuwa na mengine. Fundi alileta malalamiko kuhusu chakula, na malalamiko yenyewe hayakufanana naye. Mara tangawizi imezidi. Mara chumvi haitoshi.

"Vipande ukate vidogo zaidi," alisema siku moja. "Meno yanasumbua."

"Meno ya nani? Wewe una meno ya kukata nyaya."

Akageuza uso. Tena kuna siku mpishi alimwona akitaka kumwita, mdomo umeshaanza kutengeneza jina, jina ambalo halikuwa lake, kisha akalimeza. Mpishi alitazama nyuma yake. Palikuwa na ukuta wa mabati na taulo. Lakini tangu hapo, kila fundi alipoingia, alihisi ameingia na mtu wa pili, mtu mpole asiyetaka kiti.

*

Muuza juisi ndiye aliyeitoboa. Alikuwa amechukua simu ya mpishi kuangalia kama mteja fulani amelipa, vidole vikapanda juu, vikasimama.

"Shoga. Huyu fundi wako anaitwa nani?"

"Fundi."

"Kwenye malipo ni mwanamke. Tazama. Majina yote matatu. Kila siku, mwanamke."

Mpishi hakuwa na tabia ya kusoma zile jumbe. Simu ikitetemeka, kwake chakula kimelipwa, basi. Sasa alisoma. Jina lilijipanga chini mpaka chini, leo, jana, juzi, kila mchana, kama mtu aliyesimama dirishani pake siku zote bila yeye kumwona.

"Mkewe huyo," alisema muuza juisi. "Anakula chakula chako kwa pesa ya mkewe. Ama kweli wanaume wana vipaji. Piga hiyo namba!"

"Niseme nini?"

"Sema habari za jioni. Mwenye hatia atajitaja."

Alipiga jioni ile, jua likiwa bado limeshika ukingo wa dirisha. Simu iliita kwa muda mrefu. Kisha ikapokewa, na sauti iliyotoka ilikuwa ya mwanamke mzee, iliyokauka, inayotoka mbali.

"Mwanangu," ilisema. "Chakula chako nimekula chote. Ila chumvi, mwanangu. Chumvi."

Mpishi akakata. Chumvi! Malalamiko yaleyale, neno kwa neno. Kwa hiyo ndiyo hivyo: huko nyumbani kuna mke, na mke ana mama, na mama analishwa jasho la mtu mwingine akidhani ni mkono wa binti yake. Mke anasifiwa. Na yeye, mwenye mkono, anaitwa muongo kwenye simu njiani.

Fundi alipopiga muda mfupi baadaye, hakupokea. Alipiga tena. Alizima.

Kesho yake asubuhi alifanya jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu baba yake azikwe. Aliingia buchani. Harufu ilikuwa ileile, na mikono yake ilikumbuka. Ilichagua kipande cha mguu chenye mshipa mdogo wa mafuta, kama binti wa bucha anavyochagua. Akakipika chote bila kuonja. Mvuke ulipopanda, alisikia nyuma yake kitanda kikilia, kile cha chuma cha baba yake, na mtu akijigeuza. Hakutazama.

"Nifungie mbili," alisema fundi. "Mbona hupokei simu, Muongo wangu? Nimekukosea nini?"

"Foleni ndefu, fundi. Shika chakula chako."

Alimpa vibakuli viwili. Simu ikatetemeka. Jina lile, majina yote matatu.

*

Fundi alirudi alasiri, wateja wameshaondoka, muuza juisi anaosha mashine yake. Mkononi alikuwa na kibakuli kimoja, bado kimejaa. Uso wake ulikuwa umepauka.

"Umeniwekea nini leo?"

"Nyama."

"Nyama ipi?"

"Ya ng'ombe. Nimeona kati yetu lazima mmoja aanze kusema ukweli."

Fundi aliweka kibakuli dirishani kama kinachounguza. "Mama hali nyama nyekundu. Figo zake. Daktari alimkataza kabisa."

Mpishi alishika ukingo wa meza. Aliona kitanda cha chuma, bakuli tupu, asubuhi. "Amekula? Fundi, nijibu, amekula?"

"Alitia kipande kimoja mdomoni, akakitemea kiganjani, akakitazama. Akaniambia, mpishi leo ana hasira, nenda kamwulize ana nini." Fundi alikalia kreti la soda. "Umesikia alivyosema? Mpishi. Mimi kila siku namwambia kapika mwanae."

"Na huyo mwanae hajui kupika?"

"Mwanae amekufa."

Mashine ya juisi ilinyamaza upande wa pili wa ukuta.

Aliyasimulia akitazama mikono yake. Marehemu alikuwa mke wake. Aliondoka mwaka uliopita, ugonjwa wa ghafla, hata mto wake haujapoteza umbo. Mama mkwe akabaki naye, kwa kuwa wote wawili hawakuwa na mtu mwingine. Akili ya mama ikaanza kwenda na kurudi, akagoma kula. Siku ile ya lifti fundi alimpelekea mchuzi. Mama akala, akauliza nani kapika. "Ulimi ukaniteleza. Nikasema mwanao. Akala mpaka mwisho, mpishi. Ningefanyaje kesho yake?"

"Na simu?"

"Ni yake. Mama anapenda kulala nayo; asubuhi naichukua, namrudishia nikimpelekea chakula. Laini isipotumika wanaifunga, kisha namba yake wanampa mtu mwingine. Sikutaka mtu mwingine apokee."

Kwa hiyo mpishi alikuwa analipwa na marehemu. Alimpikia mama wa marehemu, kwa jina la marehemu, na mume wa marehemu alimwegemea mlangoni. Kulikuwa na mtu mmoja tu ambaye hakuwemo katika habari hii yote.

"Na mimi ni nani?" aliuliza. "Mkono wake?"

Fundi alipangusa kifuniko cha kibakuli.

"Siku ya lifti, ndiyo. Ile harufu ya kitunguu ni yake. Nilidhani amesimama nyuma yangu."

"Na leo?"

Akafungua mdomo, akaufunga.

"Nenda, fundi," alisema kwa upole. "Usinijibu mpaka ujue."

*

Ijumaa ilipita bila fundi. Jumamosi asubuhi simu ya mpishi ilitetemeka, na kwenye kioo likatokea jina la marehemu. Alikuwa amelihifadhi yeye mwenyewe, hata hivyo aliketi kwanza ndipo akapokea.

"Mpishi," ilisema sauti kavu. "Unakuja au nife njaa?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kesho. Njoo na hicho kitunguu chako."

Alikwenda, amevaa gauni la kijani aliloliweka kwa ajili ya siku asizozijua. Ilikuwa nyumba ya vyumba viwili, sakafu imepigwa deki, mapazia yamefungwa nusu. Fundi alifungua mlango akiwa na shati jeupe lililopigwa pasi vibaya. Hawakujua wasalimiane vipi, wakapeana mikono kama watu wa benki.

Jikoni, aproni ya bluu ilining'inia kwenye msumari. Mfukoni mwake bado mlikuwa na kibanio cha nguo. Fundi alinyoosha mkono kuitoa.

"Iache," alisema mpishi. "Hainizuii kitu."

Mama mkwe aliletwa na kiti chake akakaa mlangoni, mdogo, macho makali, kanga mabegani na simu ya vibonye mapajani. Alimtazama mpishi akikamua soya, akatazama kitunguu kikishika, kikianza kuwa cheusi kando. Harufu ikajaa nyumba. Fundi alitoka akasimama barazani.

"Mwanangu alikuwa anakiunguza kwa uvivu," alisema mama. "Anaongea na majirani dirishani, kitunguu kinaungua. Wewe unakiunguza kwa makusudi. Mtu aliyekula chumvi nyingi kama mimi, hawezi kuchanganya vitu hivyo."

"Ulijua tangu lini, mama?"

"Kijiko cha kwanza. Mwanangu nilimfumba macho kwa vidole hivi. Kuna siku nasahau nimelala chumba gani, lakini hilo, mwanangu, sijapewa ruhusa ya kulisahau."

"Lakini nilipopiga ulisema mwanangu..."

"Kwani wewe si mtoto wa mtu? Namba yako naiona kila siku kwenye jumbe za malipo. Simu ya binti yangu ninayo mimi mkononi. Angenipigia na nini?"

Mpishi alicheka, na machozi yakatoka humohumo. Fundi alikuwa amerudi, amesimama kwenye korido.

"Mama. Ulijua ukanyamaza?"

"Nikila, na wewe unakula. Kabla ya hapo ulikuwa unakunywa chai na kutazama ukuta. Nikaona, huyu akidhani ananidanganya, atashiba." Akamgeukia mpishi. "Chumvi."

"Daktari anasemaje kuhusu chumvi, mama?"

"Daktari hayupo hapa."

"Nitakutilia limau. Limau huudanganya ulimi."

Mama alionja, akalamba midomo, akafikiri. "Haya," alisema. "Umenidanganya vizuri."

Kijiko kilimponyoka mpishi mkononi. Hakuna aliyekuwa amemwambia mwanamke huyu maneno yale ya baba yake. Aliinama kukiokota, akakaa pale chini muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

*

Baada ya kula, mama alisinzia kitini sebuleni. Wao wawili walisimama kwenye karo, yeye anaosha, fundi anafuta.

"Uliniuliza kitu," alisema fundi.

"Nilikuuliza."

"Ile nyama yako ya hasira. Fungu langu nililila. Nililila baada ya mama kutema lake." Alifuta sahani iliyokuwa imeshakauka. "Marehemu alikuwa anapika nyama ya kweli. Kwa hiyo siku ile, kama ni kumkumbuka mtu, ilikuwa zamu yake. Nikatafuna nikimngoja aje. Hakuja. Nikaona tu kwamba soya hamna, uyoga hamna, na nikakutaka wewe. Nikajiuliza, huyu Muongo wangu leo amekwenda wapi?"

Maji yalitiririka bila mtu kuyafunga.

"Unanidanganya?"

"Ningekuwa nakudanganya ningesema simwoni tena. Namwona. Yuko hapo, na aproni yake. Sidhani kama ataondoka."

Mpishi alitazama msumari. Aliifahamu hali ile ya mtu mpole asiyetaka kiti. "Na baba yangu yuko jikoni," alisema. "Anauliza nyama iko wapi."

"Basi tutakuwa wengi humu ndani."

"Itabidi tununue sufuria kubwa."

"Hiyo ni ndiyo?"

"Umeuliza nini, fundi? Sijasikia swali."

Fundi aliweka kitambaa chini, akapangusa mikono kwenye shati lake jeupe. Kabla hajafungua mdomo, sauti kavu ikatoka sebuleni:

"Huko mnaoana au mnaosha vyombo?"

"Vyote, mama," alijibu mpishi.

*

Jumatatu, fundi alifika dirishani na ovaroli lake. Muuza juisi akamtazama juu mpaka chini, akasema kwa sauti ya kusikika na mtaa mzima, "Shemeji, leo unalipa kama nani?" Fundi akatoa simu kubwa kiunoni. Ya mpishi ikatetemeka juu ya rafu. Safari hii aliisoma. Lilikuwa jina la fundi mwenyewe, yote matatu, na alilisoma tena kimya huku mchuzi ukitokota.

Simu ndogo siku hizi inabaki nyumbani. Laini haijafungwa. Kila jioni, mpishi akiwa anasugua sufuria ya mwisho, jina la marehemu linawaka kwenye simu yake. Hakulifuta wala hakulibadilisha. Anajifuta mikono, anasubiri iite mara moja zaidi, kisha anapokea.

"Abee, mama."

"Chumvi," inasema sauti.